Matanga ya Mada Zilizokataliwa

Ujumbe ulimkuta Nukta saluni kwa mdogo wake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine nywele zimesimama kama za mtu aliyeona jini. Simu ilitikisika mapajani. Aliona jina la kongamano, akaigeuza simu kifudifudi, akaendelea kujitazama kwenye kioo kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini kioo hakina adabu. Kilimwonyesha midomo yake inavyotetemeka.

"Wamekataa tena?" mdogo wake aliuliza bila kuachia msuko.

Nukta akasema hajui, hajafungua. Mdogo wake akacheka. Kwa maoni yake lile kongamano la waandika programu lilikuwa kama ukoo wa wakwe wenye maringo: kila mwaka dada mtu anapeleka posa, kila mwaka wanamrudisha, na kila mwaka anaoga, anajipaka mafuta, anarudi kubisha hodi palepale. Alisema mwingine angeshaona haya akatafuta mlango mwingine.

Siku nyingine Nukta angemjibu, maana ulimi wake nao haukuwa wa kuazima. Siku hiyo alinyamaza. Alikuwa anaogopa, na wala si kukataliwa alikokuwa akikuogopa, kwa sababu huko alishakuzoea. Aliogopa kile alichokiandika.

Utaratibu wa kongamano ni huu. Anayetaka kuzungumza jukwaani anaandika ukurasa mmoja kueleza mada yake. Kamati inasoma kurasa zote bila kuona majina, inachagua chache, na zilizobaki zinarudishwa zikiwa na maoni ya wasomaji. Nukta alikuwa amepeleka mada miaka mitatu mfululizo, zote safi, zimenyooshwa kama shati la harusi, na mara zote tatu alijibiwa kwa namna moja: umeandika vizuri, lakini kisa kiko wapi? Tuambie kilichokupata wewe. Sasa mtu akiambiwa hivyo mara tatu, hasira humpanda. Mwaka huu aliketi Jumapili mchana, watu wengine wamelala, akasema moyoni mnataka kisa, haya kisa hiki hapa. Akawaandikia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Ofisini kwao walitengeneza mfumo wa kutunza miadi ya wagonjwa katika zahanati. Data za kweli za zahanati hizo ziliingiliwa kwa kompyuta moja tu, kongwe, iliyokaa karibu na dirisha, nao waliiita Mlango. Kanuni ilisema kila anayeitumia aingie kwa nenosiri lake na akimaliza atoke. Nani ana muda huo? Aliyewahi asubuhi aliingia kwa jina lake, akaiacha wazi kutwa nzima, na wengine wote wakapita humohumo. Kazi ya siku nzima, iwe ya nani, ikaandikwa kwa jina la mtu mmoja. Na aliyewahi kila asubuhi alikuwa Kobe, kijana aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikinyesha.

Siku ya mkosi ilikuwa saa za kwenda kula. Nukta aliketi kwenye Mlango akiwa na njaa. Kwenye skrini palikuwa na madirisha mawili meusi yenye maandishi meupe, moja la data za majaribio na moja la data za kweli, yanafanana kama mapacha. Aliandika amri ya kufuta za majaribio, akabonyeza, akainuka, akaenda kula. Aliporudi alikuta simu zinalia kila meza. Alikuwa amefuta kwenye dirisha la pili. Nakala ya akiba ilikuwa ya zamani mno, haikufaa kitu. Kwenye zahanati watu walifika wakaambiwa majina yao hayapo, na mama mmoja aliyetoka mbali na mtoto mgonjwa alirudishwa nyumbani.

Kumbukumbu za mfumo zilipofunguliwa, jina lililoonekana ni la Kobe. Kobe alisimama katikati ya chumba, mikono kichwani. Ni kweli asubuhi ile alifanya usafi kidogo wa data, basi akajitafuta kichwani, akasema polepole kwamba hakumbuki, lakini itakuwa ni yeye. Nukta alikuwa ameshafungua kinywa. Aliposikia hivyo, akakifunga. Alijiambia anasubiri kelele zitulie kidogo tu ndipo aseme. Kelele zilitulia, wiki ikapita, ukapita mwezi, ukapita mwaka na zaidi, na kinywa kilikuwa bado kimefungwa.

Kobe hakufukuzwa. Aliondolewa kwenye kazi ya programu, akapelekwa chumba kidogo karibu na ngazi kupokea simu za wateja.

Ndicho kisa alichokiandika Nukta, na mwishoni akatia nusu sentensi kwamba mwenzake mmoja alibebeshwa lawama. Tangu alipokituma hakuwa na amani. Kikikubaliwa, mada na muhtasari vitawekwa kwenye tovuti pamoja na jina lake, na ofisi nzima itasoma. Na kulikuwa na kitufe cha kuondoa pendekezo kabla ya siku ya mwisho. Alikisogelea mara nyingi, kidole kimenyooka, akarudi nyuma. Tuseme ukweli: alilitaka jukwaa. Aliona picha yake amesimama na kipaza sauti, watu wanampigia makofi kwa ujasiri wa kukiri, na katika picha hiyo Kobe hakuwemo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mdogo wake alipokwenda kuchota maji ya moto ya kuchomea ncha za nywele, Nukta akaigeuza simu, akafungua.

Wamekataa. Pumzi zikamtoka zote kwa pamoja, akahisi mabega yanashuka. Halafu akasoma maoni yaliyokuja chini yake. Msomaji mmoja alikuwa ameandika: "Kisa hiki ni cha kweli, mtu anakihisi. Lakini huyo mwenzako aliyebebeshwa lawama, ameshakisikia? Kama bado, sisi si watu wa kwanza wanaopaswa kukisikia. Anza kwake."

Mtu fulani, mahali fulani, asiyemjua jina wala sura, alikuwa amemtazama ndani ya tumbo. Na papo hapo akakumbuka jambo lingine. Ijumaa ilikuwa siku ya matanga.

Matanga yalianzishwa na Kamanda, mkuu wao wa kazi, mama wa makamo mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani na macho yasiyopenda kudanganywa. Aliona vijana wake wakikataliwa na makongamano wanajificha chooni kulia, akasema basi tuzike pamoja. Kila mwaka majibu yakitoka, aliyekataliwa analeta pendekezo lake limechapwa, analisoma mbele ya wote pamoja na maoni ya wasomaji, wenzake wanajifanya kuomboleza, wanakunywa soda, kisha karatasi inatiwa kwenye mashine ya kukatakata. Hakuna aliyetoka kwenye matanga ana kinyongo. Ulikuwa utani mzuri, na Nukta mwenyewe aliwahi kucheka humo hadi mbavu zikauma. Sasa utani uleule ulimtaka asome kwa sauti, mbele ya chumba kizima, kile alichowaandikia watu wasiomjua.

Mdogo wake alirudi na birika, akamtazama kwenye kioo, akauliza nani amekufa. Nukta akasema mada yake, na Ijumaa lazima akaisome, naye haitaki isikike. Hakueleza zaidi. Mdogo wake hakuona kuna tatizo gani. Matanga yenyewe ya uongo, alisema, basi peleka hata maiti ya uongo, nani atafunua sanda?

Nukta akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kibaya cha mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyuma. Jioni hiyohiyo aliandika pendekezo la bandia, ukurasa mmoja juu ya namna ya kupanga majina ya mafaili, likichosha kiasi kwamba yeyote angelikataa. Akatunga na maoni ya wasomaji: umeandika vizuri, lakini kisa kiko wapi? Akachapa. Alidhani atalala vizuri. Hakulala.

Wiki ile kila sauti ilimshtua. Kamanda akimwita, moyo unamruka. Wawili wakinong'ona karibu na dirisha, anahisi wanamnong'ona yeye. Alianza kujiuliza kama yule msomaji wa kamati anamfahamu mtu hapa ofisini, kama anaweza kuunganisha zahanati na zahanati, mwaka na mwaka. Akawa anakwepa kupita karibu na ngazi. Lakini Kobe ndiye aliyemfuata, siku moja kabla ya Ijumaa, na kompyuta ndogo mkononi.

"Dada, niangalizie hii kabla sijaituma," alisema.

Ilikuwa barua pepe ya kumjibu mteja, mistari minne, haina hata kosa la nukta. Nukta akamwambia iko sawa. Kobe akauliza ana hakika. Akasema ana hakika. Kobe akashukuru, akasema siku hizi haamini mikono yake, ndiyo maana anasumbua watu. Alisema hivyo kwa uchangamfu, kama mtu anayesema siku hizi hatumii sukari.

Kisha akaongeza, akitazama chini, kwamba na yeye mwaka huu alithubutu, alipeleka mada. Wamemkataa, lakini Kamanda amemkaribisha matangani kesho. Nukta akajikaza kisabuni, akamuuliza mada yenyewe inahusu nini. Kobe akatabasamu, akasema atasikia hukohuko. Aliondoka kwa mwendo wake wa polepole, na Nukta akabaki ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Anajua, aliwaza. Ameandika. Kesho atanivua nguo mbele ya watu.

Ijumaa mchana viti vilipangwa duara, pazia la dirisha likashushwa ili pawe na huzuni, na mtu wa hesabu akafungua kwa maneno yake ya kila mwaka kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Watu wakaitikia kwa kilio cha utani. Mashine ya kukatakata karatasi iliwekwa katikati, juu ya kiti chake, imewashwa, inanguruma taratibu. Nukta alikuwa na karatasi ya bandia mapajani, na vidole vyake vilikuwa vimeshailowesha pembeni.

Aliyetangulia alikuwa mchoraji wa tovuti, mada yake juu ya rangi, akazikwa kwa vicheko. Halafu Kamanda akasema mgeni wetu. Kobe akasimama, akakunjua karatasi, akasoma kichwa cha mada yake: Kuishi na Kosa Usilolikumbuka.

Wachache walicheka, wakidhani ni utani, kisha wakaacha.

Kobe alisoma kwa sauti yake ileile ya kupokea simu za wateja. Mwaka jana, alisoma, nilifuta miadi ya wagonjwa na sikumbuki nilivyoifuta. Nimejaribu sana kukumbuka. Nimejaribu hadi sasa naiona, naona kidole changu kinabonyeza, lakini sijui kama ninakumbuka au nimejitungia. Akaeleza anavyofanya kazi siku hizi: kabla ya kubonyeza chochote anaondoa mikono mezani, anasema kwa sauti anachotaka kufanya, ndipo anafanya. Nyumbani anafunga mlango, anarudi kuujaribu, mke wake anamwambia umefunga baba, naye hamwamini hata mke wake. Anaogopa kumwogesha mtoto wake mchanga. Alisoma na hilo bila kubadilisha sauti.

Kisha, kama desturi inavyotaka, akasoma maoni. Wasomaji walisema mada inagusa, lakini mwandishi hajaeleza kosa lenyewe lilitokeaje.

"Wako sahihi," Kobe alisema akikunja karatasi. "Ningejua ningeeleza."

Hakuna aliyelia kwa utani. Mtu wa hesabu aliangalia soda yake. Kobe akaitia karatasi kwenye mashine, ikaitafuna, akarudi kuketi, mikono kaiweka katikati ya magoti kama mtu anayeizuia isitoroke.

Hakujua. Nukta alikuwa ameogopa wiki nzima kwamba Kobe anajua, na kumbe angeshukuru kama angekuwa anajua. Alichokisikia kilikuwa kibaya kuliko chochote alichokiwaza saluni, kitandani au pale mezani. Yeye alidhani amemchukulia Kobe meza na cheo. Kumbe alimchukulia mikono, na kichwa juu yake, na hasara hiyo ilimfuata Kobe hadi nyumbani.

Kamanda akaita jina lake. Nukta akasimama. Karatasi ya mafaili ilikuwa mkononi. Alijua kusoma huku kutachukua dakika mbili, kisha soda, kisha Jumatatu. Alijua pia kwamba akisema lile jingine anaweza kutoka hapa hana kazi, na Kamanda hatamwangalia tena, na wenzake watakumbuka kila siku aliyopita karibu na ngazi akamwambia Kobe habari za asubuhi. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na hofu haikupungua hata kidogo alipoamua. Alisogea mbele, akaiingiza karatasi kwenye mashine kabla ya kuisoma.

Watu wakacheka, wakasema amezika bila sala. Nukta akangoja wamalize.

"Hii haikuwa yenyewe," alisema. "Yenyewe naijua kwa moyo."

Ile mada alikuwa ameiandika kwa ufundi, ina mwanzo wa kuvutia na mzaha kidogo juu ya mapacha. Vyote vilimpotea. Akasema tu kwamba siku ile ya Mlango, saa za kula, aliyeketi pale alikuwa yeye. Madirisha yalikuwa mawili. Alikuwa na njaa. Aliandika amri, akabonyeza, akaenda kula, na jina lililobaki lilikuwa la Kobe kwa sababu Kobe ndiye aliyefungua asubuhi. Aliporudi alitaka kusema, akamsikia Kobe anasema itakuwa ni mimi, akaacha aseme hivyo. Akawaambia na maoni ya msomaji, kwamba kuna mtu alipaswa kukisikia kwanza. Sauti ilikuwa inamtoka nyembamba, ya kitoto, naye akaichukia lakini hakuwa na nyingine.

Mashine ilikuwa bado inanguruma. Kamanda aliinuka, akaizima, akasimama hapohapo ameishika, hamtazami mtu. Mchoraji wa tovuti alifungua mdomo, mtu wa hesabu akamgusa goti, akaufunga. Nukta alingoja apigwe. Kama si mkono, basi neno. Alimtazama Kobe kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kutazama.

Kobe hakuwa anamtazama. Alikuwa ametoa mikono yake katikati ya magoti, ameiweka mapajani, viganja juu, anaiangalia mmoja baada ya mwingine. Uso wake haukuwa na hasira, wala haukuwa na msamaha. Kama hasira ipo njiani, nayo ilikuwa inakuja kwa mwendo wake.

"Kwa hiyo sikubonyeza," alisema hatimaye, akiiambia mikono.

Nukta akasema hapana. Hakubonyeza.

Kobe akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa namba ya simu ndefu na haikumkaa yote.

"Rudia, dada," alisema. "Pale kwenye kubonyeza. Taratibu, niisikie vizuri."

Nukta akaanza tena tangu alipovuta kiti.